Kupeleka Mdomo

Maji yalipanda mlima asubuhi ile. Yalipanda yakiwa kinywani mwa Twilumba, funda moja tu, baridi ya kung'oa meno, na mashavu yake yalikuwa yametuna kama ya mpiga tarumbeta aliyesahau kupuliza. Nyuma yake alikuja shangazi yake, Onolina, amejitanda blanketi juu ya sweta, sweta juu ya kitenge, akiburura buti za mpira zilizokuwa za marehemu mumewe na zilizomzidi mguu. Mbele yao hapakuwa na kitu ila ukungu. Ndani ya ukungu mto ulikuwa unasema, na ndio peke yake uliokuwa na ruhusa ya kusema.

Nchi hiyo haikuwa na jina. Waliokaa humo waliiita huku, na kwingine kote wakakuita huko. Mto mmoja ulishuka kutoka milimani, na mifereji ilitolewa ubavuni mwake, mmoja baada ya mwingine, kama watoto wanaomnyonya mama aliyelala. Kila mfereji ulikuwa na zamu yake na kila zamu ilikuwa na mtu wake, isipokuwa moja: zamu ya Waliotangulia. Siku ya zamu hiyo maji yote yaliachiwa uwanja mtupu usiolimwa, ili wafu wanywe. Wakati wa kipupwe, mto unapokonda ukabaki mbavu, maji hayo yalisambaa uwanjani, usiku yakashikwa na baridi, na asubuhi uwanja mzima ukawa kioo. Hakuna aliyewahi kumwona mfu akinywa. Hakuna pia aliyewahi kumwona mfu akikataa, na hapo ndipo watu walipopanyamazia.

Twilumba alikuwa amefanya jambo moja. Aliukuta uwanja umeganda. Kisha akazikuta njegere za shangazi yake zimetoa maua huku majani yamejikunja kwa kiu. Akachukua jembe, akaziba lango la wafu, akafungua lango la njegere, na njegere zikanywa mchana kutwa. Kesho yake yule aliyeitwa Mgawaji, mkaaji wa juu kwenye banio, mahali ambapo mto hukatwa kwa mawe na magogo ili mifereji ipate chake, aliuziba mfereji wao kwa udongo. Usingefunguliwa mpaka mkosaji apeleke mdomo.

Na kupeleka mdomo kulikuwa hivi. Mkosaji huchota funda kwenye mfereji wa shamba lile lile alilolinywesha kwa wizi. Halafu hupanda nalo kwa miguu, akifuata ukingo, mpaka kwenye banio. Hasemi, hamezi, hatemi. Shangazi yake hufuatana naye, maana aibu ya mtoto hushikwa na upande wa baba. Akifika huinamisha shingo, hulitema funda mtoni mbele ya Mgawaji, na husema maneno yaliyowekwa: nimekunywa kisicho changu, nimekosa, naomba radhi. Hapo udongo huondolewa. Njegere hazikuwa na siku nyingi za kusubiri, na bila njegere Onolina hakuwa na kitu cha kula wala cha kuuza mpaka mvua zirudi.

Njia yao ilikuwa tuta jembamba. Kushoto mto, kulia mfereji mkavu. Sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa imeyavika majani mvi, na kila hatua ililia chini ya buti kama mtu anayetafuna sukari guru. Miti ya miwati ilisimama kimya. Mianzi ilikuwa imeinama juu ya maji, imelemewa na umande uliokataa kuwa maji tena. Twilumba alitembea akitazama pande zote mbili, na kwa kuwa hakuweza kusema, aliwaza. Mtu mwenye maji kinywani huwaza kwa namna yake. Mawazo hayana pa kutokea, hugonga kaakaa yakarudi, yakagonga tena. Yeye ambaye tangu utoto maneno ndiyo yalikuwa mikono yake alijiona kama aliyefungwa kamba.

Funda hili ni la nani? Nililichota likiwa baridi, sasa lina joto langu. Likiwa na joto langu bado ni la mto? Waliotangulia, mpo? Bibi yangu yumo kati yenu, na bibi hakumnyima hata mbuzi wa jirani maji. Nani aliyeniambia mna kiu? Aliyeniambia ni mtu aliye hai. Kila mara ni mtu aliye hai. Taya linauma. Mto huenda unakotaka ukaitwa mto. Mfereji huenda unakotumwa ukaitwa maendeleo. Mimi ni kipi? Taya linauma, na mlima bado.

Kwenye mgawo wa kwanza, pale mfereji mmoja unapojigawa kuwa miwili, mwanamke mmoja alikuwa anang'oa matete kwa mikono iliyokufa ganzi. Alimwona Onolina, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Unampeleka?"

"Nampeleka."

"Mpe pole yangu."

"Mpe mwenyewe. Maji yako mdomoni, masikioni hayajafika."

Mwanamke alicheka, akampa Twilumba pole, na Twilumba akaitika kwa nyusi. Wakapanda. Ukungu ulifunguka kidogo ukafunga tena, kama mtu anayechungulia mlangoni kuona nani anabisha na kuamua hana shida naye. Uchovu wa njia ile haukuwa wa miguu. Ulikuwa uchovu wa kutembea kuelekea jibu ambalo umeshapewa. Anayetafuta ng'ombe aliyepotea huchoka, lakini macho yake yana kazi. Anayepeleka mdomo anajua atakachokikuta, anajua atakachosema, anajua atakavyorudi. Kila jiwe analolipita limeshapitwa na mtu mwingine mwenye mashavu kama yake. Twilumba aliona hata tuta lenyewe limebonyea katikati, limechimbwa na nyayo za walioomba radhi, na akajiuliza ni mfereji gani hasa ulioanza kuchimbwa huku, ule wa maji au huu.

Kwenye mgawo wa pili palikuwa na mwanamume, Chengula, mtu wa makamo, anazoa tope kwa koleo. Aliinua uso.

"Habari za asubuhi, dada Onolina."

Twilumba alishtuka. Chengula alikuwa rika la baba yake. Siku zote alimwamkia Onolina kama mkubwa wake. Twilumba aligeuka nyuma. Blanketi lilikuwa lile lile na buti zilikuwa zile zile, ila nywele zilizochungulia chini ya kilemba zilikuwa nyeusi. Mikunjo ya mdomoni ilikuwa imenyooshwa. Aliyetembea nyuma yake alikuwa mwanamke wa miaka ya kati, mgongo umenyooka, na hakuonekana kuona ajabu yoyote.

Twilumba alinguruma kwa pua.

"Unataka nini? Unataka kujua habari za babu yako?" alisema Onolina, ambaye hakuwahi kungoja swali liishe, sembuse lisiloanza. "Haya. Babu yako naye alipeleka mdomo. Alikuwa na pengo hapa mbele, lango zima. Basi tangu chini kule maji yanamchuruzika, tone, tone, tone, ndevu zimelowa, na shangazi yake nyuma anamwambia funga mdomo, na yeye hawezi kumjibu kuwa ameufunga. Anafika juu, mdomo mkavu kama kibiriti. Mgawaji anamwuliza, maji yako wapi? Babu yako anageuka, anatazama kule bondeni, anasema: yamerudi nyumbani, yamekumbuka hayajafunga mlango."

Kicheko kilimpanda Twilumba kutoka tumboni. Alikizuia kooni, kikamshinda, kikageuka, na katika kugeuka kikayavuta maji. Alisikia funda likishuka. Lilishuka polepole, lenye joto lake mwenyewe, na likakaa tumboni kama kiumbe.

Walisimama wote wawili juu ya tuta.

"Umemeza," alisema Onolina.

"Nimemeza. Na wewe ndiye uliyenichekesha!"

"Mimi nimesimulia habari za marehemu. Cheko ni lako."

"Shangazi, nywele zako."

"Ziache nywele zangu. Chuchumaa hapo uchote funda lingine."

"Hapa? Huu si mfereji wetu. Maji niliyoiba yako tumboni mwangu."

Onolina aliketi kwenye jiwe, akavua buti moja, akakung'uta kokoto. Mguu uliotoka ulikuwa laini, usio na nyufa.

"Twilumba, mama, nikwambie jambo. Yule wa juu anatazama mashavu. Mashavu, na shingo iliyoinama kidogo. Tangu nizaliwe sijaona funda lililofika likiwa lile lile lililoondoka. Huyu kameza, huyu katema akikohoa, huyu kachoka akachota njiani. Wako waliopeleka mate."

"Naye anajua?"

"Atakosaje kujua? Naye alizaliwa na watu."

"Na malango yakafunguliwa?"

"Yakafunguliwa. Njegere haziulizi."

Twilumba alitazama maji yaliyokuwa yanapita. Alijisikia mzito ghafla, kana kwamba asubuhi nzima alikuwa amebeba gunia akiamini lina mahindi, na sasa ameambiwa ni makapi. Kama adhabu ingekuwa ya kweli, ingeumiza. Hii haikuumiza. Ilichosha tu. Wafu wasiokunywa walinyweshwa na walio hai wasioamini, na wasioamini wakaombwa radhi kwa maji yasiyo yenyewe, na kila mmoja aliufanya uso wake uwe wa heshima ili mwenzake asije akafadhaika. Huu ndio uliokuwa utawala wa nchi ile. Haukuwa na bunduki wala gereza. Ulikuwa na mashavu.

"Na nywele?" aliuliza tena.

Onolina aliirudisha buti mguuni. 

"Nimeshapanda huku mara nyingi. Mwenye kutema pale juu haachi maji peke yake. Anaacha na umri aliokuwa nao siku ile. Unashuka, unaona umeshuka mzima, lakini kuna wewe mmoja umebaki pale, ameinama. Mara ya kwanza nilikuwa msichana kama wewe. Ukipanda tena unakutana nao njiani, wanakuingia mmoja mmoja. Ukishuka wanakutoka. Ndiyo maana kule chini nimezeeka kabla ya wenzangu. Sina wa katikati."

"Na mimi nitaacha huyu?"

"Utaacha huyu."

"Na wewe unanileta."

"Nakuleta, ndiyo. Njegere zina maua, Twilumba. Nikuleteje na nisikuleteje?"

Hakukuwa na ukali katika sauti yake. Ulikuwa uchovu mtupu, na ulikuwa umechimbika kama lile tuta. Twilumba alichuchumaa ukingoni. Aliyakinga maji kwa viganja, akayatazama, akayaachia yapite katikati ya vidole. Akainuka mashavu yake yakiwa matupu.

"Twende," alisema.

"Bila funda?"

"Twende tu, shangazi. Nitajua nikifika."

Walipanda. Mto ulizidi kuwa mwembamba na kelele zake zikazidi, kama mtoto. Mifereji iliachana nao mmoja mmoja, ikabaki njia moja na maji mamoja. Kijana wa kike aliyekuwa anachunga kondoo aliwapita, akasema "Mambo, dada zangu," na Onolina akajibu "Poa," na hakuna aliyeshangaa ila Twilumba. Hakugeuka tena. Alisikia buti zikizidi kupwaya, alisikia pumzi ya nyuma yake ikilingana na yake, hatua ikilingana na hatua, mpaka akashindwa kujua yupi anayemfuata mwenzake. Mtu anakuwa mtu mwingine lini? Kama ni uso, uso huu aliuona kila asubuhi ndani ya ndoo ya maji. Kama ni kosa, basi lao lilikuwa moja, la kuona kiu. Pengine nchi ile haikuwa na watu wengi kama ilivyodhaniwa. Pengine alikuwako mwanamke mmoja tu, na alikuwa anapandishwa mlima tangu maji yalipokatwa, kila mara kwa jina jipya ili asikumbuke.

Banio lilitokea ghafla, ukuta wa mawe na magogo umeota ukoka. Juu ya gogo alikaa Mgawaji, mabegani blanketi, miguuni jiko la mkaa. Hakuwa mzee wala kijana. Alikuwa na mafua. Kamasi zilimtiririka na alizifuta kwa mgongo wa mkono uliojaa udongo, udongo ule ule uliowazibia maji. Mbele yake, ukingoni, Twilumba aliwaona walioachwa: ukungu uliokuwa na maumbo, migongo iliyoinama, mingi, mistari na mistari, na kati yao nafasi moja iliyokuwa wazi, ya kimo chake.

Mgawaji aliwatazama. Macho yake yalitafuta mashavu kabla ya kutafuta nyuso.

"Wasichana wawili," alisema. "Mkosaji ni yupi?"

Twilumba alifungua kinywa, lakini Onolina alikuwa ameshampita. Alimpita kwa haraka ya miaka kumi na tisa, ameinamisha shingo, na mashavu yake yalikuwa yametuna. Hakuna aliyemwona akichota. Pengine alichota kwenye kona ya mwisho, pengine yalikuwa mate. Uso ulikuwa wa Twilumba. Kimo kilikuwa cha Twilumba. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ile nafasi iliyo wazi na akajiweka humo, na ikamwenea.

"Wewe," alisema Mgawaji, kwa furaha ya mtu ambaye kazi yake ni nyepesi leo. "Tema, kisha useme."

Twilumba aliona yote kwa pamoja. Kama angekaa kimya, lango lingefunguliwa. Njegere zingekunywa. Yeye angeshuka mzima, na shangazi yake angeshuka bila kitu, gamba lililovaa buti, kwa sababu alikuwa ameshaacha usichana wake na utu uzima wake pale pale, na wa kuacha safari hii alikuwa ndiye huyu wa mwisho, yule mzee wa chini kule anayesimulia habari za marehemu. Aliona pia ya kuwa kila aliye kwenye ile mistari aliletwa na mtu aliyempenda. Hapakuwa na adui njia nzima. Hilo ndilo lililomkasirisha.

Alimfuata, akamshika uso kwa mikono miwili, akayaminya mashavu.

Maji yalitoka kwa nguvu. Yalimpiga Mgawaji kifuani, yakalowesha blanketi, yakaangukia jiko, na mkaa ukapiga kelele ya moshi.

"Twilumba!" alilia Onolina. "Njegere!"

"Mkosaji ni mimi," alisema Twilumba. "Nilifungua lango mchana, kwa jembe langu, na sina maji mdomoni."

Mgawaji alikuwa amesimama, anatikisa blanketi. Ilichukua muda kuonekana kwamba hakukasirika. Alikuwa anatetemeka kwa baridi.

"Basi, basi," alisema. "Maji yametemwa. Hayakutemwa vizuri, lakini yametemwa. Nitayakubali. Sema maneno."

"Siyasemi."

"Yafupishe. Sema nimekosa, yatosha."

"Sikukosa."

"Sema taratibu, hata nisisikie. Chezesha midomo." Alipiga chafya. Alimtazama Onolina kana kwamba huyo ndiye atakayemwonea huruma. "Mwambie huyu. Mimi nitaliondoaje lile tope pasipo samahani? Mikono hii haijafundishwa njia nyingine. Unafikiri napenda kukaa hapa? Mtu akiniomba radhi ndipo najua niko wapi. Wote wakiacha, huku juu nitakuwa nani? Mwanamume mwenye jiko."

"Utakuwa mwanamume mwenye jiko," alisema Twilumba.

"Sema basi tu."

"Maji yalikuwa yanaganda kwenye uwanja mtupu na njegere zilikuwa zinakufa. Nikiyakuta tena yameganda, nitayafungulia tena."

Mgawaji alikaa. Hakusema lango litafunguliwa wala halitafunguliwa. Alichokora mkaa uliolowa kwa kijiti, akitafuta kama kuna ulio hai, na alionekana amewasahau.

Onolina alitoka kwenye ile nafasi. Alipotoka uzee ulimrudia wote kwa mpigo: mvi, mikunjo, nyufa za miguu, mgongo. Aliyumba, na Twilumba akamdaka kwapani. Walishuka hatua chache hivyo, mmoja akimbeba mwenzake, mpaka ukungu ulipowafunika wasionekane na yeyote, na hapo shangazi alijitoa mkononi mwake, akasimama.

"Yule wa juu, sawa," alisema. "Nimekuelewa. Usimwombe. Lakini mimi je? Zilikuwa njegere zangu. Si zako wala zake. Nilizipanda kwa goti bovu, na maua yamesimama hivi, na kesho kutwa nitakuwa na shamba la kuni. Nimekubeba tangu baba yako anafariki. Hapa hakuna Mgawaji, hakuna mfu, tuko wawili. Mimi huniombi radhi?"

Twilumba alimtazama. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, yakashuka mpaka midomoni, na hakuyalamba. Alijua kwamba neno moja lingemponya shangazi yake. Lilikuwa dogo, lilikuwa karibu, lilikuwa la ukweli upande mmoja. Alijua pia kwamba akilisema hapa, kwa mapenzi, atakuwa amelisema kwenye ile nafasi ya kimo chake.

Aliinama akamfunga vizuri ile buti iliyompwaya, akainuka, akampa bega aegemee.

"Pole nitakupa, shangazi," alisema. "Nitakupa mpaka tufike nyumbani, na kesho, na siku utakapolala njaa nitalala nayo pamoja nawe. Lakini radhi siombi."